Masultani wa Kilwa Kwenye Rafu za Uingereza: Siku Tisa za Msako

Siku ya kwanza, Jumatano

Begi langu la mkononi lina lenzi ya kukuzia, rula, penseli laini na bahasha ya kaki yenye karatasi ishirini za fotokopi. Karatasi hizo ndizo zilizonitoa Tanga. Ni makala ya John Walker wa British Museum kuhusu masultani wa Kilwa na sarafu zao, iliyotoka mwaka 1936 katika jarida la elimu ya sarafu, Numismatic Chronicle. Maneno yanasomeka vizuri. Kurasa za picha ndizo shida: kila penye sarafu, mashine ya fotokopi imeacha duara jeusi kama tako la sufuria ya kuni. Miaka kumi na saba nimekuwa nikizitazama duara hizo, nikikisia herufi.

Watu huniuliza kwa nini nakusanya vitabu vya sarafu na si sarafu zenyewe. Nilipokuwa msichana nilipelekwa Kilwa Kisiwani kwa ndugu wa mama, nikaona watoto wenzangu wakiokota visarafu vya shaba ufukweni baada ya mvua kubwa, wakimuuzia mgeni yeyote aliyeshuka kwenye mashua. Vingapi vimeondoka hivyo, hakuna ajuaye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, lakini hata kama isingekuwepo, nisingetaka kimoja nyumbani kwangu. Sarafu ikishatolewa mchangani bila mtu kuandika ilikuwa kando ya ukuta gani na pamoja na kigae gani, imebaki shaba tu. Basi nikaamua kukusanya maandishi ya wale walioandika.

Dar, Doha, Heathrow. Mtoto wa kaka yangu alinipokea na koti la mke wake mkononi. "Shikamoo shangazi, vaa hili kwanza, salamu ndefu tutapeana kwenye treni." Anaishi Leyton, mashariki ya London. Chai ya tangawizi, chapati, usingizi.

Siku ya pili, Alhamisi

Siku mbaya, kisha ikatengemaa.

Tangu Agosti nilikuwa nimeandikiana na duka moja la vitabu vikuukuu. Walikuwa na juzuu ya Chronicle ya mwaka 1936, wakaniahidi kuniwekea mpaka nifike. Nimefika leo saa nne asubuhi, mlango ulipofunguliwa tu. Kijana aliyekuwa zamu akatazama kompyuta, akatazama rafu, akaniambia kimeuzwa wiki iliyopita kwa mteja wa mtandaoni. Nilimwonyesha barua pepe yao wenyewe. Akasoma, akasema pole. Sikuwa na la kuongeza. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la barabarani mpaka mikono ilipoacha kutetemeka, maana safari hii nimeiwekea akiba miaka minne.

Kisha nikaenda Cecil Court. Ni kichochoro kifupi kisichopita magari, kati ya Charing Cross Road na St Martin's Lane, maduka pande zote mbili, vioo vimejaa vitabu, ramani na picha za kuchapwa. Mwaka 1764 Mozart alipanga humo na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka minane. Katika duka moja nilimwuliza mzee mwenye nyumba kama ana chochote cha sarafu au medali kabla ya mwaka 1800. Akaniangalia mikono. "Umenawa?" Nilikuwa nimenawa. Akafungua kabati.

Alichonitolea ni kitabu nilichokuwa nikikisoma habari zake tu: mkusanyo wa sura za watu mashuhuri kwa mfano wa medali, uliotolewa na Guillaume Rouillé mjini Lyon mwaka 1553. Kinaingia mikononi bila taabu, jalada la ngozi ya ndama iliyogeuka rangi ya tende. Kila ukurasa una sura kadhaa, kila moja ndani ya duara lenye jina pembeni, kama medali halisi. Anaanza na Adamu na Hawa. Rouillé hakuwa na medali ya Adamu, wala haijapata kuwepo. Aliwachorea sura wasiokuwa nayo, kwa sababu enzi zile medali ndiyo iliyokuwa njia ya kuaminika ya kujua uso wa mtu aliyekufa zamani. Watu wa karne ya 16 walizikusanya sarafu za Kirumi hasa kwa ajili ya nyuso, wakawa wanasoma historia kwa kuzitazama pua na videvu. Nimekifunua taratibu kwa ncha ya kidole, karatasi bado ngumu, ukiigeuza inalia kama jani kavu la mkungu.

Bei yake sikuiuliza. Mzee hakuonekana kukerwa. Nilimshukuru, akaniambia nikirudi nisisite kugonga.

Siku ya tatu, Ijumaa

British Museum. Idara ya sarafu na medali ina chumba cha kusomea ambacho mtu yeyote anaweza kuomba nafasi mapema, na mimi niliomba miezi miwili kabla. Unagonga kengele, unaonyesha kitambulisho, unaandika jina daftarini, unakalishwa mezani penye kitambaa laini. Glavu hazitumiki. Unashika sarafu kwa ukingo, mikono mikavu, juu ya meza na si hewani, ikiponyoka isianguke mbali.

Wakaniletea trei ya mbao ya sarafu za Kilwa. Kila sarafu imelala kwenye kishimo chake, na chini yake kuna kikaratasi cha mviringo kilichoandikwa kwa mkono ilivyofika pale. Nilianza kusoma vikaratasi kabla ya sarafu.

Kisha nikamshika Ali bin al-Hasan. Ni shaba ndogo, upana wa ukucha wa dole gumba, imekuwa ya kijani kibichi kingoni. Upande mmoja jina lake. Upande wa pili *yathiqu bi-mawla al-minan*, yaani anamtumainia Mola mwenye fadhila. Hasan, minan: upande wa kwanza na wa pili vina vina! Mfalme wa pwani yetu aligonga shairi la mishororo miwili kwenye pesa ya kununulia samaki. Masultani waliofuata waliiga mtindo huo kwenye sarafu zao. Nimelijua jambo hili kwa miaka, nimelifundisha darasani, lakini nilipoigeuza sarafu kwa vidole na kusikia kina kikijibu kina, nililazimika kuirudisha kwenye trei na kufuta miwani.

Sarafu hizi hazina mwaka wala jina la mji, na hapo ndipo ugomvi wa wataalamu ulipoanzia. Ali alitawala lini? Walker alikuwa na masimulizi ya historia ya Kilwa yaliyohifadhiwa kwa Kiarabu na yale aliyoyachapisha Mreno João de Barros mwaka 1552, akajaribu kuwapanga masultani kwa mfuatano. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimsogeza Ali mbele mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu kule Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa enzi hizo, zenye tarehe, na Ali akarudi nyuma hadi karne ya 11. Hazina ile imewafaa wataalamu hivyo kwa sababu ilichimbwa na wenye daftari, wakaandika kila kitu kilipokaa.

Nilimwuliza mtumishi wa chumba kama naweza kuona pia picha za mwaka 1936 kwenye nakala yao. Akaileta. Hapo nikaona kwa mara ya kwanza zile duara zangu nyeusi zilivyo kwa kweli. Sitaeleza sana leo. Nitasema tu kwamba nakala ile inabaki London, na mimi nataka moja ya kukaa Tanga.

Siku ya nne, Jumamosi

Mvua kutwa. Nimekaa nyumbani, nimewapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Binti wa mwenyeji wangu, miaka tisa, alikuwa madrasa asubuhi. Mchana akaja kunikagua lenzi. Aliitazamia kila kitu: chumvi, zulia, kope za mdogo wake.

Siku ya tano, Jumapili

Maonyesho ya vitabu vikuukuu katika hoteli moja ya Bloomsbury. Ukumbi wa chini, meza zimebanana, wauzaji wamekuja na masanduku yao kutoka mikoani. Ukiwa na shabaha moja, unajifunza kupita upesi: sayansi, safari, watoto, dini, na pembeni kabisa, chini ya meza, sarafu.

Niliona Marsden. Ni juzuu mbili za *Numismata Orientalia Illustrata*, London, 1823 hadi 1825, sarafu za mashariki zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa. William Marsden alikuwa mtaalamu wa Sumatra, na mkusanyo wake wa sarafu aliupa British Museum mwaka 1834. Ukipitisha kidole juu ya ukurasa wa picha unahisi wino umesimama, na pembezoni kuna alama ya bamba lilivyoizamisha karatasi. Mchongaji wa aina ile aliweza kuchora herufi asizozisoma. Mara nyingine aliteleza, nukta ikahamia herufi jirani, na msomaji wa leo asipojua anahangaika na jina la mtawala ambaye hakuwahi kuishi. Ndiyo maana wakusanyaji hupenda vitabu vya nyakati mbili: vya mchongo kwa uzuri, vya picha kwa ukweli. Mimi niko upande wa ukweli, ila leo Marsden alinivuta.

Meza ya jirani kulikuwa na katalogi ya sarafu za mashariki ya Stanley Lane-Poole, juzuu tatu kati ya kumi zilizotoka 1875 hadi 1890. Juzuu ya kwanza ilitoka yeye akiwa hajafika miaka ishirini na miwili. Nikamwuliza muuzaji kuhusu Chronicle. "Mwaka gani?" Nikamwambia. Akainama, akatoa juzuu iliyojalidiwa kwa kitambaa, mgongo umefifia lakini 1936 inasomeka.

Moyo ulinienda mbio. Nikafungua makala: ipo. Nikaenda mwisho wa juzuu kuhesabu kurasa za picha, kama inavyopasa kabla ya kulipa chochote. Mbili hazikuwepo. Hazikuwa zimechanika, zilikatwa kwa wembe, kwa rula, ukingo umebaki umenyooka upana wa kidole kimoja. Mtu fulani, mwaka fulani, alizitaka Kilwa zetu kwa ajili ya fremu ya ukutani au faili lake, akaacha maneno yote nyuma.

Muuzaji hakuwa ameliona. Aliona haya kuliko mimi, akanipunguzia bei mpaka chini kabisa. Nikakataa. Maneno ninayo tayari.

Sikutoka mikono mitupu. Kwa pauni nne nilinunua katalogi nyembamba ya mnada wa sarafu, ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mtu aliyehudhuria ameandika kwa penseli kando ya kila bidhaa bei iliyofikiwa na jina la mnunuzi. Katalogi zenye maandishi hayo ndizo zinazotafutwa: kwazo unaweza kuifuata sarafu moja kutoka mkono hadi mkono kwa miaka mia.

Siku ya sita, Jumatatu

Treni kutoka Paddington, nimeshuka Oxford kwa saa tatu. Jumba la makumbusho la Ashmolean, moja kwa moja kwenye chumba cha pesa. Chumba cha sarafu cha Heberden kimekuwa hapa tangu 1922, na Helen Brown aliyefanya kazi humo ndiye aliyechapisha mwaka 1991 sarafu tatu za dhahabu za Kilwa, za al-Hasan bin Sulaiman, yule sultani mkarimu aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Shaba za Kilwa zimehesabiwa kwa maelfu. Dhahabu zilikuwa tatu. Nimekula mkate na jibini kwenye ngazi, nikapanda treni ya Hereford. Giza limeingia mapema. Basi la mwisho, lenye watu watano, likanifikisha Hay-on-Wye.

Siku ya saba, Jumanne

Hay ni mji mdogo mpakani mwa Uingereza na Wales, mto Wye chini yake, vilima nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Booth alifungua duka la vitabu hapa, akanunua maktaba nzima za majumba yaliyokuwa yakifungwa, akajaza jengo baada ya jengo. Wengine wakamfuata. Tarehe 1 Aprili 1977 alijitangaza mfalme wa Hay. Chini ya ukuta wa ngome kuna rafu za nje zisizo na muuzaji: unachukua kitabu, unatumbukiza hela sandukuni, unaondoka. Kwa wanaofikiri biashara ya vitabu vikuukuu ni ya matajiri, waje wasimame pale.

Kutwa nimepanda na kushuka ngazi. Maduka manane. Sarafu za Kirumi tele, za Waingereza zaidi, medali za vita za kila aina. Nilimshika Eckhel mmoja, juzuu ya tano pekee, yatima, ya ile kazi kubwa ya sarafu za kale aliyoichapisha Vienna kuanzia 1792. Josef Eckhel ndiye aliyeacha kuzipanga sarafu kwa ukubwa na madini, akazipanga kwa nchi na miji, na hadi leo trei za dunia nzima zinafuata mpango wake. Ukurasa wa kichwa una madoadoa ya kutu. Nikamrudisha kwa heshima.

Chronicle nimekuta za 1948, 1961, 1972. Miguu imevimba.

Siku ya nane, Jumatano

Duka la mwisho nililipita jana kwa sababu bango lake linasema vitabu vya bustani na mapishi. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akinywa chai, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema juu darini kuna vitu vya marehemu fulani ambavyo hajavipanga. "Panda, ila uangalie kichwa."

Darini kulikuwa na dirisha moja la mlalo, masanduku ya ndizi, vumbi. Vitabu vya stempu. Vitabu vya saa za mfukoni. Sanduku la nne lilikuwa na vijarida vya karatasi vilivyofungwa kwa kamba ya katani, mwaka kwa mwaka, na kwenye kila fungu kikaratasi chenye tarakimu. 1934. 1935. 1936.

Fundo lilikataa kufunguka, nikalifungua kwa meno.

Havikuwahi kujalidiwa. Vilikuwa kama vilivyotoka kwa mpiga chapa, majalada ya karatasi yamekwenda rangi ya maziwa ya kuchemka. Nikaenda kwanza kwenye picha. Zipo zote. Nikaweka lenzi. Picha za magazeti ukizikuza unaona nukta nukta; hizi hazina nukta, zina mikunjo myembamba mno, kama ngozi ya nyuma ya mkono wa bibi. Ndiyo kolotaipu, na hakuna njia ya uchapaji ya siku hizo iliyoipita kwa kunasa kivuli. Tena wapiga picha wa Chronicle hawakuzipiga sarafu zenyewe, zinazong'aa hapa na kuwa nyeusi pale. Walizitolea kwanza umbo kwa plasta nyeupe, wakalipiga picha hilo, ndipo kila mkwaruzo wa herufi ukaonekana. Masultani wa Kilwa wamelala pale safu kwa safu, weupe kama wametoka kuoga.

Kisha nikajaribu kufungua makala, na kurasa hazikufunguka. Zamani karatasi kubwa ilichapwa, ikakunjwa na kushonwa, na msomaji ndiye aliyekata mikunjo kwa kisu alipokuwa akisoma. Kurasa za makala nyingine zimekatwa. Za Kilwa bado. Mwenye fungu hili aliishi nalo maisha yake yote asiisome.

Mama alinitajia pauni thelathini kwa fungu zima la mwaka. Nilikuwa na hofu nimdhulumu, nikamweleza ni nini na kwamba London wangemwomba zaidi. Akatikisa kichwa. "Umesema linakwenda Tanga?" Akaifunga upya kamba kwa mikono yake, akaniongezea mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua.

Siku ya tisa, Alhamisi

Leyton, usiku. Ndege yangu ni kesho.

Baada ya isha tumefuta meza, tumetandika kitambaa. Nilinunua kisu cha mfupa cha kukatia karatasi Hereford, butu, ambacho hakiwezi kumdhuru mtoto. Nikamwonyesha binti namna ya kukiingiza kwenye mkunjo na kukisukuma mbele, taratibu, bila kukivuta kuelekea kifuani. Alikata ukurasa wa kwanza ulimi ukiwa nje. Wa pili nao. Ukingo unatoka na manyoya manyoya, kama unavyotakiwa kutoka. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo begani, hasemi kitu.

Tulipomaliza tukageukia picha. Nikamwekea lenzi juu ya sarafu moja.

"Hii ni Kiarabu," akasema. "Lakini haina nukta, shangazi."

"Haina. Jaribu hivyo hivyo."

Akainama mpaka nywele zikagusa meza. Kidole chake kilikwenda hewani kulia kwenda kushoto, kama wanavyofundishwa kwa ustadhi. "Ayn. Lam. Hii ndefu… ya. Ali." Akavuta pumzi. "Ali bin… al-Hasan!"

"Sasa upande wa pili. Iko hapa pembeni."

Huo ulimchukua muda zaidi. Aliuliza mara mbili, nilimsaidia herufi moja tu. Kisha akaurudia wote tangu mwanzo, upande wa kwanza na wa pili, na alipofika mwisho akanyanyua kichwa.

"Inaimba," akasema, akaisoma tena.